Kabla Hatujatuma Pesa za Vinia Nyumbani

Sisi tuliotoka Dar es Salaam tukahamia Uingereza tumezoea kuombwa na ndugu pesa za ada, kodi ya nyumba na matibabu, lakini sasa limeongezeka ombi la pesa za vinia, yaani vile vipande vyembamba vya kauri vinavyogandishwa mbele ya meno ili yaonekane meupe na yamenyooka. Mpwa wangu anayeishi Sinza aliniandikia, "Mjomba, ninyi huko wote mna meno mazuri, nisaidie na mimi," na kwa kuwa vijana wengi wanaamini hivyo, ni haki waelezwe hali ilivyo.

Si kweli kwamba huku kila mtu ana meno ya kauri. Huduma ya afya ya serikali hailipii vinia za urembo, na kliniki binafsi nyingi hutoza kati ya pauni 500 na 1,000 kwa jino moja, ndiyo maana Waingereza wengi hupanda ndege kwenda Istanbul au Antalya, nchini Uturuki, kutafuta nafuu. Baadhi yao hurudi meno yakiwa yamesagwa hadi kubaki visiki, kwa sababu walichowekewa si vinia bali kofia za kufunika jino zima, na maumivu yanapoanza, daktari aliyewahudumia yuko nchi nyingine.

Hata vinia iliyowekwa kwa ustadi ina gharama isiyotajwa kwenye matangazo. Unene wake ni kama nusu milimita, na ili jino lisionekane limevimba, daktari kwa kawaida hupunguza kiasi kinachokaribia hicho cha enameli, lile tabaka gumu la nje ambalo likishaondoka halioti tena. Charles Pincus, daktari wa California aliyewabandikia waigizaji wa filamu meno ya namna hii mwishoni mwa miaka ya 1920, alitumia gundi ya muda, na vipande hivyo vilibanduliwa kazi ilipokwisha. Kilichofungua njia ya kuvigandisha vikae miaka mingi ni kazi ya Michael Buonocore, daktari wa meno Mmarekani, aliyeonyesha mwaka 1955 kwamba enameli ikipakwa asidi hushikana vizuri zaidi na kinachogandishwa juu yake. Pamoja na hayo, vinia nyingi za kauri hudumu miaka 10 hadi 15, kwa hiyo binti wa miaka 22 anayewekewa leo atahitaji kubadilishiwa mara tatu au nne maishani mwake. Mjomba aliyelipia za kwanza huenda asiwepo kulipia za tatu.

Tofauti ninayoiona kubwa zaidi kati ya huku na nyumbani haipo kwenye kauri, ipo kwenye yale yanayoitangulia. Ingawa siku hizi kumpata daktari wa meno wa serikali huku ni shida, watu wengi wamekua wakichunguzwa meno hata wasipoumwa, wakasafishwa ukoga na kuzibwa matundu mapema. Kwetu, wengi tulimwona daktari wa meno siku jino lilipotunyima usingizi, na tukatoka limeng'olewa. Kijana akitoka kwenye kung'olewa akaruka moja kwa moja hadi kwenye vinia, kauri itakaa juu ya fizi zinazovuja damu na meno yanayooza chini kwa chini, na hapo pesa yetu itakuwa imefunika ugonjwa.

Wapo ninaowaunga mkono kwa moyo wote. Ndugu zetu waliokulia Arusha na maeneo ya kuzunguka Meru, ambako maji ya visima vingi yana madini ya floridi mengi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, waliharibikiwa meno ya utu uzima wakiwa watoto, kabla hayajaota. Nimesoma na watu waliocheka wakiwa wameziba mdomo kwa mkono kwa sababu ya madoa ya kahawia yanayoletwa na floridi hiyo, na kuwarudishia raha ya kucheka si anasa. Hata wao, hata hivyo, wanastahili kuanzia kwenye kusugua madoa kitaalamu au kung'arisha, ambako jino huguswa kidogo zaidi.

Lakini kuuziba mwanya wa binti mwenye meno mazima, mwanya ambao Pwani nzima umesifiwa na washairi, kwa sababu tu tangazo la mtandaoni limeuita kasoro, hilo silikubali.

Mpwa wangu nimemtumia pesa ya uchunguzi na kusafishwa meno, nikamwomba ahakikishe daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha amuulize enameli itapunguzwa kiasi gani na nani atairekebisha vinia ikibanduka. Akinipa majibu hayo, na bado akataka, tutazungumza gharama.