Ningerudi, lakini kwa Oktoba tu

Kwenye makala niliyoisoma, dada mmoja aliyechezea timu ya soka ya chuo kikuu Marekani anasema angerudi hata kesho. Mimi nilicheza huko huko, beki wa kulia, na sina hakika. Labda kwa mwezi wa Oktoba tu.

Msimu wetu ulibana: Agosti hadi Novemba, mara nyingi mechi mbili kwa wiki. Somo la Takwimu nililisomea kwenye basi usiku, chini ya taa ndogo ya juu ya kiti, barafu imefungwa gotini kwa plastiki ikinidondokea kwenye soksi. Profesa mmoja aliniuliza mbele ya darasa kama nimekuja kusoma au kukimbia. Nilikasirika, ingawa mtihani wake kweli nilikuwa nimeboronga.

Na ile saa ya mechi! Waliocheza vyuo vya kule watanielewa: haikupanda hadi 90, ilishuka hadi sifuri, na uwanja mzima uliiona.

Ila makala imeruka jambo kubwa. Bila sheria ya Title IX ya 1972, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu inayopata fedha za serikali kuu, wengi wetu tusingeonja ufadhili. Ubingwa wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani, wa soka la wanawake wenyewe ulianza 1982. Tena sisi tuliomaliza kabla ya Julai 2021 hatukuruhusiwa kuuza majina yetu kwenye matangazo. Wa sasa wanalipwa. Wivu ninao, siufichi, hasa nikipanda ngazi na goti hili.