Songea Tunawakumbuka Walionyongwa. Waliokufa kwa Njaa Je?

Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kupita mbele ya wauza ming'oko pale stendi ya Masasi bila kusimama. Hanunui. Anasimama tu, anaitazama ile mizizi iliyochemshwa na kupangwa mafungu, halafu anasema, "Hii ndiyo iliyomlea mama yangu." Sisi wajukuu tulikuwa tunacheka na kumvuta mkono, basi lisije likatuacha. Nilishakuwa mtu mzima nilipotambua kwamba alikuwa akiizungumzia fugufugu, ile njaa iliyokuja nyuma ya Vita vya Majimaji.

Namkumbuka kila Februari inapoelekea ukingoni, kwa sababu ndipo Songea inapofanya kumbukizi. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga pale viongozi na wapiganaji wa Kingoni, 67 kwa hesabu inayotajwa kila mwaka, na wengi wao wakafukiwa katika kaburi moja. Nduna, yaani jemadari, Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, ana kaburi lake peke yake, na wazee wanasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Makumbusho ya Taifa ya Majimaji yamejengwa palepale. Hilo nalipenda kuliko yote. Hukai ukumbini Dar es Salaam ukitazama mkuki ndani ya kioo. Unasimama juu ya udongo wenyewe, na mzee anayekusimulia huenda ni mjukuu wa aliyelala chini yake.

Na watu wanakuja kweli. Ngoma ya lizombe inachezwa, viongozi wa dini wanaomba dua na sala, silaha za jadi zinawekwa kwenye mnara. Mji wote una namna yake ya kukumbuka: hata timu ya mpira inaitwa Majimaji, na mashabiki wake ni Wanalizombe. Ni makumbusho machache hapa kwetu yenye bahati ya kuzungukwa na watu wanaoona kilichomo ndani ni mali ya ukoo wao. Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipofika hapo Novemba 2023 na kuomba msamaha, aliikuta familia ya Songea Mbano inamsubiri, ikiwa na swali moja tangu zamani: kichwa cha babu kiko wapi?

Kwa hiyo sisemi kumbukizi ni mbaya. Nasema ni nusu.

Walionyongwa tunawajua. Majina yao yanasomwa, akiwemo Mkomanile, mwanamke aliyepanda kitanzini pamoja na wanaume. Lakini kamba haikuua wengi katika vita hivi, wala risasi. Vita vilianza Julai 1905 kwenye milima ya Matumbi, watu walipong'oa pamba kule Nandete, vikaenea kusini kote. Wajerumani walipoona hawawezi kumkimbiza kila mtu porini, waligeukia chakula. Kapteni mmoja, Wangenheim, aliandika wazi kwamba ni njaa na dhiki tu zitakazowafanya watu wasalimu amri. Gavana wa koloni, von Götzen, hakuhitaji kusukumwa sana. Maghala yakachomwa, mashamba yakafyekwa, mbegu zikachukuliwa. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Mtanzania Gilbert Gwassa alifikisha kati ya 250,000 na 300,000. Ukichukua hesabu yoyote kati ya hizo, wale 67 ni tone.

Hao wengine hawana mnara. Walikufa njiani, kwenye mapango, kwenye vibanda vya porini, na aghalabu walikuwa watoto na mama zao. Mtoto wa miaka mitatu hana ngao ya kuwekwa kaburini, na nadhani ndiyo maana itifaki haijui imfanye nini. Kumbukizi za vita nchini kwetu zinapenda mtu aliyeshika mkuki. Niliwahi kuhudhuria moja, mkoa siutaji, ambapo bibi mmoja alipewa kipaza sauti aeleze alichosikia kwa mama yake. Alipofika kwenye habari ya kula magome, mshereheshaji akamkatisha kwa heshima zote: mgeni rasmi alikuwa anawahi ndege.

Yule bibi ndiye makumbusho yenyewe, kwa maoni yangu. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walitumwa makwao kuwahoji wazee walioviona vita hivi kwa macho. Sehemu kubwa ya tunachokijua leo imetokana na kazi ile. Walioona wameshaondoka wote. Waliosikia kwa walioona bado wapo, ila wana miaka themanini na zaidi, na simu ya mjukuu inatosha kurekodi. Kazi hiyo ingepewa shule za sekondari za Ruvuma, Lindi na Mtwara miezi kadhaa kabla ya Februari, halafu siku yenyewe sauti hizo zikasikilizwa na watu wote, mgeni rasmi akiwa amekaa.

Kuna na swali la askari, ambalo huwa tunalizunguka. Waliochoma yale maghala kwa amri ya Wajerumani wengi wao walikuwa Waafrika, na wajukuu wao ni majirani zetu. Sina hakika Songea iko tayari kwa hilo.

Kuwapeleka watoto porini, lakini, kungewezekana. Sehemu ya pori la wanyama la Selous ni mahali palipokuwa na vijiji, watu wakafa au wakahama, mbung'o na tembo wakachukua nafasi yao. Watoto wa Namtumbo wanakua wakiambiwa kule ni kwa wanyama tangu enzi na enzi. Wapelekwe, hata basi moja tu kila mwaka.

Na siku ya tarehe 27 pilau isipikwe. Ichemshwe ming'oko, ipelekwe meza kuu na chini ya maturubai vilevile, mkuu wa mkoa amenye kwa vidole kama sisi. Bibi yangu, angekuwepo, asingekula. Angesimama pembeni anaitazama.