Saa kumi alfajiri, ugali unapoa

Kwa mliosikia toka kwa yule bwana wa Tunduma kwamba wakati narekodi ile sauti ya kuamsha watu nilikuwa kitandani: mwongo. Nilikuwa kwenye kochi.

Mnanijua, kwenye kundi letu la wanaosoma kwa masafa mimi ndiye mwamshaji. Huku hakuna kengele wala mwalimu wa kukukazia macho, moduli, kile kitabu cha kujisomea, inakutazama tu mezani mpaka iote vumbi. Basi tukakubaliana kila siku saa kumi alfajiri nitume sauti: amka, soma dakika 25, pumzika 5, rudia mara nne. Wiki mbili za mwanzo niliamka. Wallahi niliamka!

Ya tatu nikapata akili. Jumapili jioni narekodi sauti tano kwa mpigo, alfajiri nashtuka, nabonyeza, narudi kulala. (Wewe unayecheka, unajijua.)

Jumanne usiku tuko kwenye kipindi cha mtandaoni, mkufunzi akasema amefurahishwa sana na moyo wetu, hebu tusikilize ujumbe wa asubuhi pamoja. Akabonyeza.

Sauti yangu ikatoka, nzito, ya mtu aliyeamka na majukumu: “Wapendwa... ni saa kumi alfajiri... giza bado nene...” Jogoo akawika. Jogoo nilikuwa mimi. “Niko mezani, chai ya rangi pembeni...” Na nyuma yangu, taratibu, ukaanza muziki wa taarifa ya habari. Ya saa mbili usiku. Nikaanza kutafuta pa kuzimia kamera, vidole vikawa vya mtu mwingine. Kisha mama, toka jikoni, sauti ya kuitia ng'ombe:

“We mtoto! Ugali unapoa! Na njoo uchukue kitabu chako, nimewekea sufuria!”

Halafu mimi, kwa kunong'ona: “Nakuja, mama.” Halafu mimi tena, sauti nzito: “Nidhamu, wapendwa.”

Nyuso kumi na moja kwenye kioo, hakuna anayepumua. Mkufunzi akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

“Samahani,” akasema, “hiyo ni moduli ya ngapi?”

Ya tatu, mwalimu. Ile ya zoezi la Ijumaa.

Zoezi nimelituma, zimebaki dakika mbili. Ukurasa wa 40 una duara la masizi, nimesoma kwa kukisia. Cheo nimevuliwa. Kura zilipigwa nikiwa humo humo kundini, na anayetuamsha sasa ni mama. Harekodi. Anapiga simu, mmoja mmoja, na hakati mpaka akusikie unafungua kitabu.