Raha ya tafakuri haimsafishi mwalimu

Makala moja inadai eti wafuasi wa Rajneesh, yule mwalimu wa kiroho wa India aliyeitwa pia Osho, wasingelia kwa furaha namna ile kama mwalimu wao angekuwa tapeli, na raha hiyo yenyewe inatosha kuthibitisha kwamba Mungu yupo. Furaha yao siikatai hata kidogo. Lakini tafakuri yake maarufu huanza kwa dakika 10 za kuhema kwa kasi, na mtu akihema hivyo kabonidayoksaidi hupungua kwenye damu, mishipa ya ubongo hubana, vidole hufa ganzi na kichwa huwa chepesi. Hayohayo nimeyapata kwenye mkesha wa maombi, baada ya kuimba na kupaza sauti mpaka alfajiri, na mhubiri aliyetuongoza hakuwa mtu wa kumkopesha hata mia mbili. Mbona makala hiyo haigusi Oregon, jimbo la Marekani ambako wafuasi hao walijenga makazi yao? Mwaka 1984 watu wa jumuiya hiyohiyo, wenye tafakuri zao, walitia bakteria wa salmonela kwenye saladi za mikahawa ya mji wa The Dalles ili wapiga kura wengine waugue na wao washinde uchaguzi wa kaunti. Waliougua ni 751. Mwalimu mwenyewe alikuwa na Rolls-Royce zaidi ya 90! Mimi namwamini Mungu, na ndiyo maana sitaki ushahidi wake uwe ganzi ya vidole. Mnaotafakari peke yenu nyumbani, bila picha ya mwalimu ukutani wala ada ya kulipa, raha hiyo hamuipati?