Amri fupi isifute vingi

Watengenezaji wa programu za terminali, zile zinazoendeshwa kwa kuandika amri, huumiza kichwa sana juu ya namna mtumiaji atakavyoweka mipangilio. Suala la kuiondoa huachiwa dakika za mwisho: linabandikwa chaguo moja la kufuta, kazi imekwisha.

Chukua Mac. Ukiandika `defaults delete com.apple.dock autohide`, unafuta mpangilio mmoja tu, ule wa kuificha Dock, yaani upau wa programu. Ukiliacha neno la mwisho, mipangilio yako yote ya Dock inakwenda na maji, wala huulizwi kama una uhakika. Yaani ukiandika kidogo unabomoa zaidi. Hilo nalipinga kabisa. Mtu aliyebonyeza Enter mapema anastahili ujumbe wa kosa, basi.

Wapo waliolifikiria. Kwenye GNOME, mazingira ya kazi ya Linux, `dconf reset` ukiipa njia inayoishia na mkwaju (/), yaani kundi zima la mipangilio, inagoma mpaka uongeze `-f`. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, nayo inataka uandike kwa mkono wako mwenyewe `ALTER SYSTEM RESET ALL`. Bila jina la mpangilio na bila hiyo ALL, hupati kitu ila kosa.

Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, ndiyo inayonichanganya hisia. Jina likiwa na thamani kadhaa, `git config --unset` inakataa kufuta, inakuonya kwamba thamani ni nyingi, na ukitaka zote ziondoke unatumia `--unset-all`. Safi. Lakini jina lisipokuwepo kabisa, inatoka kimya na msimbo 5 (nambari inayoziambia skripti matokeo ya amri), msimbo uleule wa kosa la thamani nyingi. Anayeandika skripti atatofautishaje? Toleo la 2.46, la Julai 2024, lilileta `git config unset` kama amri ndogo, yenye `--all` yake. Inasomeka vizuri zaidi, na za zamani bado zinafanya kazi.

Kuna jambo zito zaidi ya majina. Ukiwa ndani ya mradi ukafuta `user.email`, Git inaiondoa kwenye `.git/config`, faili la mradi huo, peke yake. Ukiiuliza tena, inakujibu kwa anwani iliyoko `~/.gitconfig`, faili lako la miradi yote, na mgeni anadhani amri haikufanya kazi. Imefanya, ni vile tu kufuta hapa chini kumefunua kilichowekwa juu. Kama nia yako ni kuzuia cha juu kisitumike, kufuta hakukusaidii. Kwa `credential.helper`, kwa mfano, mpangilio wa programu zinazoipa Git nywila, unaweka thamani tupu, na Git inaitupa orodha yote iliyokusanywa kabla ya hapo. Kwa hiyo tupu nayo ni thamani, tena yenye nguvu. Programu inayotafsiri `--set jina=` kuwa “futa” inamnyang'anya mtumiaji uwezo huo, na mara nyingi hata walioiandika hawajui.

Ningekuwa naunda ya kwangu leo, ningetenganisha amri ya kuondoa na ile ya kuweka tupu, ya kufuta vyote ningeipa jina refu la makusudi, na kila ufutaji ungejibu hivi:

`user.email imeondolewa kwenye .git/config (ilikuwa kazi@example.com), sasa inasomwa kutoka ~/.gitconfig`

Ni mstari mmoja tu, na aliyekosea ana thamani ya zamani mbele ya macho, ainakili na kuirudisha.