Maji na taa tuvichukue, florini tuiache

Juni na Julai, ukungu ukitanda hapa Mafinga, mkoani Iringa, tunafunga madirisha ya karakana ili vanishi isiingie unyevu ikafanya weupe. Hapo ndipo harufu ya tina, kimiminika cha kuyeyushia vanishi, inapotumaliza. Mwaka jana kijana wangu wa kazi aliweka brashi chini: "Fundi, kichwa kinanigonga." Alikuwa amepaka milango miwili tu. Nilimtoa nje, akakaa juu ya rundo la mbao za paini, macho mekundu. Tangu siku ile siwezi tena kumwambia mtu kwamba harufu itazoeleka.

Ndiyo maana naitetea vanishi ya maji ya poliuretani (aina ya plastiki) inayokazwa kwa mwanga wa urujuanimno (UV). Chembe za poliuretani huelea kwenye maji, hivyo tina haihitajiki kuziyeyusha. Unapaka, unasubiri maji yatoke, kisha unapitisha ubao chini ya taa. Kianzishi, yaani kemikali ya kuanzisha ukazaji iliyomo, kikipigwa na mwanga, molekuli hushikana kwa sekunde chache. Lakini maji lazima yatoke kwanza! Kwa baridi yetu hayatoki upesi, na ukiharakisha taa unayafungia ndani. Kwa hiyo kabla ya taa tunahitaji chumba chenye joto. Glavu na miwani ya kukinga macho navyo ni lazima. Na kwenye mguu wa kiti ulionakshiwa, mwanga usipofika ndani ya mchongo, ukigusa kidole kinanata. Tuanze na vitu bapa: milango, meza, makabati.

Sasa kuna vanishi za aina hii zinazoongezewa florini, elementi ya kemikali. Najua uzuri wake: minyororo ya molekuli yenye florini hupanda juu ya utando, maji na mafuta yakabaki matone yasiyoshika. Kikaangio cha Teflon kinategemea muungano uleule wa atomi za florini na kaboni, na ni muungano mgumu mno kuvunjika. Ugumu huo ndio unaonitisha. Misombo mingi ya jamii hiyo haiozi. Meza itapigwa msasa siku moja, na vumbi litaishia kwenye udongo na mabonde tunakochota maji. Kwa meza ya kulia chakula sioni sababu. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukimwagika, kitambaa kinatosha.

Taa ni ghali kwa fundi mmoja, kwa hiyo nawaomba mafundi wenzangu tuchangie moja. Kona ya kuiweka ninayo, mita 3 kwa 4, na jiko la kupashia joto liko tayari.