Zamu ilikuwa ya nani?

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, watoto wa watu wako darasani, mimi na wanangu wawili tulikuwa Oxford tumeinamia kabati la vioo tunamulika bao kwa tochi. Tochi tulitoka nayo nyumbani, maana Makumbusho ya Pitt Rivers yana giza la makusudi ili mwanga usichujue vitu.

Wanangu hawaendi shule. Najua kuna shangazi yangu mmoja Mbagala akisoma hapa atashika kichwa. Sheria ya elimu ya Uingereza ya 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu, shuleni au kwa njia nyingine, na sisi huu ni mwaka wa tatu tumeikamata hiyo njia nyingine: ninawafundisha mwenyewe nyumbani. Kuwaelewesha ndugu ndiyo kazi. Mama mdogo aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Kwani walifukuzwa?"

Makumbusho haya yalianzishwa 1884, na vitu havikupangwa kwa nchi bali kwa kazi yake. Taa na taa, ngoma na ngoma, silaha na silaha. Unatoka Japani unaingia Kongo bila kuvuka hata meza. Mdogo alisimama chini ya nguzo ya Wahaida wa Kanada, mita 11 na ushei, shingo nyuma mpaka kofia ikamdondoka. Mkubwa, ana miaka 11, aliganda penye michezo. Alihesabu mashimo ya bao, safu nne, nane nane, akapata 32. Halafu akauliza, "Baba, lilipochukuliwa, zamu ilikuwa ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimweleza kwamba mwaka 2018 Wamaasai kutoka Tanzania na Kenya walifika kwenye jengo hilihili, wakavitazama vitu vya kwao, na vitano kati yake wakasema hivi haviuzwi wala havitolewi zawadi, hurithiwa tu. Akanikata: "Kwa hiyo vilifikaje?" Basi saa nzima ikaishia hapo. Hakuna kengele iliyolia, hakuna aliyetuambia muda wa somo umekwisha.

Mimi nilipelekwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mara moja tu, darasa la sita. Tulibanwa watoto sitini kwenye daladala ya kukodi, sare zimepigwa pasi, daftari mkononi. Kazi ilikuwa kunakili maandishi ya ukutani, kesho yakasahihishwe. Aliyesimama kutazama alikumbushwa kwa fimbo. Nilipita mbele ya Zinjanthropus, fuvu la miaka milioni 1.75 ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, na ninachokumbuka ni barafu ya ubuyu tuliyonunua nje ya geti. Leo ninajitapa kwa wanangu eti kwetu kuna kitu ambacho Oxford hawana!

Kwa hiyo anayeniambia kwamba kwetu Tanzania watoto wanaujua utamaduni wao na huku wanapotea, ninamsikiliza nusu. Kule tuliviishi vitu bila kuruhusiwa kuviuliza. Huku wanangu wanauliza mpaka koo linakauka, ila wanaviuliza vilivyokufa. Na kuna jambo sisi tunaofundisha watoto nyumbani huku hatulisemi sana: upweke. Kule mtoto angekuwa na mjomba fundi seremala, bibi wa hadithi, binamu wa kugombana naye. Hapa mjomba ni mimi, bibi ni mimi, na hesabu za sehemu ninazifundisha mimi ambaye sikuwahi kuzielewa.

Kwenye treni ya kurudi tulimpigia baba. Mkubwa akamweleza habari za bao, vioo na tochi. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Yaani mnalipa nauli ya treni kwenda kutazama bao? Si langu lipo hapa barazani."

"Babu, unacheza na nani?"

Simu ikawa kimya kidogo. "Sasa hivi hakuna. Wenzangu wametangulia, na hawa vijana wako kwenye simu zao. Limegeuzwa chini juu, watoto wa jirani wanalikalia."

Desemba tunakwenda. Mkubwa ameshaanza kukusanya kete. Ana mawe 23 kwenye soksi, bado 41.